Oili ya Kariakoo: Pata dili bila kuua injini

UKIWA na gari Dar es Salaam, hata kama ni kile kimeo kinachosukumwa kila asubuhi mbele ya majirani, kuna mambo matatu yanayokufuata kama kivuli: mafuta, trafiki na oili. Mafuta unaweka ya elfu kumi, maisha yanasonga. Trafiki mnaongea, mnaelewana au unaandikiwa. Lakini oili, msomaji wangu, haiongei. Inakaa kimya huko chini kwenye sampu, na siku ikiamua kusema, inasema mara moja tu.

Hapo ndipo wajanja wa mjini wanapopata ulaji. Kwa kuwa oili haionekani ikifanya kazi, mtu anaweza kukuuzia chochote chenye rangi ya asali na ukaondoka unachekelea. "Nimepata dili!" unawatambia washkaji. Sawa, lakini dili la nani? Lako au la aliyekuuzia?

Mimi dada wa watu natembelea Toyota IST, kama vijana kibao wa jiji hili. Siku ya kumwaga oili ilipokaribia, sikumpigia fundi simu ya "nunua tu utaniambia bei". Nilivaa raba, nikaacha gari nyumbani, nikapanda mwendokasi mpaka Kariakoo kuitafuta oili kwa macho yangu mwenyewe. Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya.

OILI IKO WAPI?

Kariakoo ni mtaa wa mizigo tangu jina lake. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo ukikatiza pale bila kugongwa na mkokoteni shukuru Mungu wako.

Anayetafuta oili haendi kwenye jengo la soko, lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, ambalo liliungua Julai 2021. Anaelekea upande wa Gerezani na mitaa inayoungana na Barabara ya Msimbazi, kwenye maduka ya spea. Utayajua kwa harufu kabla hujayaona: mpira, grisi na jasho la vijana wanaopakua makasha.

Wauzaji wako wa aina tatu. Wa kwanza ni maduka ya jumla. Hapo oili imepangwa kwa makatoni, ndoo za lita 20 na mapipa ya lita 208, na mwenye duka hana muda wa kukubembeleza. Wa pili ni maduka madogo ya spea, yenye galoni mbili tatu za kila aina juu ya shelfu, katikati ya filta na plagi. Wa tatu ni wa barabarani: meza, magaloni yaliyoanikwa juani, na winga wake anayekuita "boss" kabla hujavuka barabara.

Siwasemi mawinga vibaya. Wapo waliowahi kunisaidia kupata kitu kwenye ghorofa ambalo peke yangu nisingelifikia. Ila winga hali mshahara, anakula cha juu. Cha juu hicho kinatoka kwenye pochi yako, au kinatoka kwenye ubora wa unachouziwa. Hakuna njia ya tatu.

Kabla ya yote hayo, mimi nilianzia kituo cha mafuta. Najua mtashangaa, kwani kituoni oili ni ghali. Ndiyo maana nilianzia huko! Bei ya kituoni, au ya wakala wa kampuni kule Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, ndiyo kipimo chako. Unaiandika kwenye simu: jina la oili, namba zake, lita na bei. Ukifika Kariakoo ukaambiwa oili ile ile kwa bei pungufu kidogo, hiyo ni bei ya jumla na inawezekana. Ukiambiwa oili ile ile kwa nusu bei, usifurahi. Muulize aliyepoteza hiyo nusu ni nani.

MKATABA ULIOFIA NJIANI

Nina mshkaji wangu wa Tabata, jina namhifadhia. Alikuwa anaendesha IST kwa mkataba, ule mtindo wa kupeleka hesabu kila wiki kwa tajiri mpaka siku ziishe na gari liwe lako. Mchana alikuwa kwenye teksi za simu, usiku anasubiri abiria Sinza. Alikuwa amebakiza miezi minne tu. Mke wake alishaanza kuliita lile gari "letu".

Siku moja akapita Kariakoo, akakutana na kijana mwenye galoni la lita nne la kampuni inayojulikana. Bei ikawa ya chini kuliko popote alipowahi kununua. Risiti? "Kaka, ukitaka risiti bei inabadilika." Mshkaji akaona isiwe shida, akachukua. Fundi wa chini ya mwembe akamwaga ya zamani, akatia mpya, maisha yakaendelea.

Wiki kadhaa baadaye, yuko kwenye foleni Magomeni na abiria nyuma, taa ya oili ikawaka. Unaijua ile, yenye picha ya birika inayodondosha tone. Abiria alikuwa anawahi, naye alikuwa anaihitaji ile nauli. Akasema ngoja nimfikishe kwanza. Kabla hawajafika, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya debe, kisha ikazima kabisa.

Fundi alipofungua sampu, nilikuwepo. Chini kulikuwa na ute mweusi mzito kama lami ya barabara inayoyeyuka Februari. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa. Beringi zimekwisha, shafti imekwaruzika. Fundi hakusema mengi. Alichovya kidole, akakiangalia, akakifuta kwenye suruali, akasema: "Hii haifungiki, tafuta injini nyingine."

Tulirudi Kariakoo mimi naye. Yule kijana hayupo. Duka ambalo alikuwa amesimama mbele yake wakatuambia hawamjui, na kweli hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Kama ile oili ilikuwa ya kughushi, kama ilikuwa chafu iliyochujwa, au kama ilikuwa nzima ila si ya injini ile, hakuna aliyeweza kuthibitisha. Galoni lenyewe lilishatupwa. Tajiri akataka gari litengenezwe au lirudi. Mshkaji hakuwa na hela ya injini. Gari likarudi.

Miezi yote ile ya hesabu ikaishia hapo. Leo anaendesha bajaji ya mtu.

Nimesimulia haya ili tuelewane, tunapozungumza oili hatuzungumzii urembo wa gari. Kwa wengi wetu injini ndiyo ada ya mtoto na kodi ya nyumba.

NAMBA NA HERUFI, BASI

Sasa twende kwenye darasa. Usiogope, ni fupi.

Kila galoni la oili halali lina mistari miwili ya kusoma. Wa kwanza ni wa SAE, unaoonyesha uzito wa oili: 5W-30, 15W-40, 20W-50 na kadhalika. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Hiyo W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi joto 100.

Hapa kuna ubishi mkubwa wa vijiweni. "Dar joto bwana, weka nzito!" Nimeusikia tangu niko mdogo. Ulikuwa na maana enzi za baba zetu na Peugeot 504, Datsun 120Y na Land Rover 109, magari yaliyokunywa SAE 40 na kushukuru. Lakini ndani ya injini ya leo joto halifuati la mtaani. Likishashika moto linazunguka kwenye nyuzi 90 na kitu, iwe Dar au Tokyo. Halafu injini zenye VVT-i hutumia hiyo hiyo oili kusogeza shafti ya valvu, kupitia vijitundu vyembamba. Ukitia oili nzito kama asali ya Tabora, inachelewa kufika. Na injini huumia zaidi pale unapoiwasha asubuhi, oili ikiwa bado inapanda.

Wenye injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, wao wanaweza kupanda ngazi moja ya uzito kwa ushauri wa fundi anayeijua injini hiyo. Lakini huo ni uamuzi wa mgonjwa na daktari wake, si wa muuza duka.

Mstari wa pili ni wa API, na huu ndio watu wengi hawausomi kabisa. Ni herufi mbili. Zikianza na S, oili ni ya injini ya petroli. Zikianza na C, ni ya dizeli. Herufi ya pili inaonyesha kizazi chake: kadiri inavyokwenda mbele kwenye alfabeti, oili ni ya kisasa zaidi. SF ni ya injini zilizotengenezwa mpaka 1988. SJ mpaka 2001. SL mpaka 2004. SM mpaka 2010. SN mpaka 2020. SP ilitoka mwaka 2020 na SQ mwaka 2025.

Sasa sikiliza utamu wake. Toyota IST imeanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Nilipozunguka Kariakoo, magaloni ya bei poa kuliko yote niliyoyageuza nyuma yalikuwa yameandikwa SAE 40, API SF. Hayakuwa ya kughushi! Lebo safi, kizibo safi, kampuni halali. Ila ni oili ya injini za wakati ambao mimi sijazaliwa. Muuzaji hajadanganya kitu, maana maandishi yapo. Ni wewe tu hukugeuza galoni.

Gari lako linataka ipi? Angalia kitabu chake. Najua kimeandikwa Kijapani, lakini 5W-30 inaandikwa 5W-30 duniani kote, na SL ni SL. Huna kitabu? Fungua boneti uangalie kizibo cha kutilia oili, magari mengi yameandikwa hapo hapo. Injini za IST za 1NZ na 2NZ hukubali 5W-30 bila kununa. Oili ya kizazi kipya zaidi ya kile kinachotakiwa haina tabu kwenye petroli. Iliyopitwa na wakati ndiyo yenye tabu.

"BEI NI YAKO, OILI NI YA GARI"

Nikiwa na namba zangu kwenye simu, nikaanza kuuliza. Meza ya kwanza:

"Karibu sista! Oili ya gari gani?"

"IST. Nataka 5W-30, SN au SP."

"Sista, chukua hii, original kabisa, Dubai. Magari yote yanatumia."

"API yake ngapi?"

Akageuza galoni, akaligeuza tena. "Hii ni ya Dubai," akarudia.

Nikamshukuru, nikapita. Anayekuambia "magari yote" hajakujibu. Na Dubai ni mji, si kiwango cha ubora.

Duka la tatu nilimkuta mzee mmoja amevaa kofia ya kiua na miwani imening'inia shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye daftari. Nilipomtajia namba akainua.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma mwenyewe, mzee."

Akacheka. Akatoa galoni tatu za kampuni tatu tofauti, zote 5W-30, mbili SN na moja SP, bei tatu tofauti. Nikamuuliza yeye angechukua ipi. "Mwanangu, bei ni yako, oili ni ya gari," akasema. "Zote tatu gari lako litakula. Sasa angalia mfuko wako."

Hapo ndipo nilipopata somo la siku. Ukishajua namba na herufi, majina makubwa yanapoteza ubabe. Oili ya jina dogo yenye SP halali inaweza kuwa dili kuliko ya jina kubwa yenye herufi za kizamani. Kupatana bei kunaanzia hapo: unalinganisha vitu vinavyofanana, si rangi za magaloni.

KAGUA KAMA UNAKAGUA MCHUMBA

Umeridhika na namba? Sasa galoni lenyewe. Wanaoghushi oili hawahitaji kiwanda. Wanahitaji galoni tupu la kweli, oili rahisi au chafu iliyochujwa, na subira kidogo. Kwa hiyo:

Angalia kizibo. Pete ya chini iwe nzima, haijakatika wala kugundishwa. Magaloni mengi yana karatasi ya fedha ndani ya kizibo; ukifungua ukaikuta imekunjamana au haipo, rudisha hapo hapo.

Angalia namba ya toleo, ile iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe. Linganisha na ya kwenye katoni, na na ya galoni la pembeni yake. Iliyofutwa, au galoni moja lenye tarehe tofauti ndani ya katoni moja, ni la kuliogopa.

Angalia lebo: tahajia, rangi, pembe zinazobanduka. Kama kuna msimbo wa kukwangua au wa kupiga picha kwa simu, utumie pale pale dukani, si nyumbani.

Pima uzito. Lita nne za oili zina kilo tatu na nusu hivi, ukiacha galoni. Likionekana jepesi, kuna aliyekunywa kabla yako.

Na usidanganywe na mtindo wa kuchovya vidole na kunusa. Oili chafu ikichujwa vizuri inarudi na rangi ya kuvutia, na utelezi wake vidoleni haukuambii kama dawa za kusafisha injini zilizomo zimekwisha. Ndiyo maana "oili ya kupima", ile inayotolewa kwenye pipa kwa kopo, mimi siigusi. Pipa linaweza kuwa la kweli. Kilichomo leo nani anajua?

HESABU YA WASHKAJI WATANO

Sasa dili lenyewe. Chukua hesabu ya mfano tu, bei za siku utazikuta mwenyewe.

Tuseme galoni zuri la lita nne ni shilingi 60,000. Ukimwaga oili kila kilomita 5,000, unatumia shilingi 12 kwa kilomita. Tuseme lile la barabarani ni 35,000. Hilo ni shilingi 7 kwa kilomita. Umeokoa 25,000 kwa kilomita 5,000, hela ya nyama choma ya usiku mmoja. Upande wa pili wa mizani kuna injini nzima. Hiyo si biashara, hiyo ni bahati nasibu.

Lakini kuna njia ya kuokoa bila kamari. Injini ya IST ya 1NZ au 2NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta mpya. Kwa hiyo fundi akikuambia ununue lita tano, muulize hiyo lita na ushee anaipeleka wapi. Na kujaza kupita alama ya juu ya stiki si ukarimu: shafti inaipiga oili mpaka inatoa povu.

Sasa tafuteni washkaji watano wenye injini ya aina moja. Nunueni ndoo moja ya lita 20 iliyofungwa, kwenye duka la jumla. Mara tano 3.7 ni lita 18.5. Inabaki lita moja na nusu ya kuongezea. Tuseme ndoo ni 240,000: kila mtu anatoa 48,000 badala ya 60,000, oili ile ile, namba zile zile. Fanyeni siku moja, Jumamosi, kwa fundi mmoja, nanyi mumwombe bei ya kazi ya magari matano. Hiyo ndiyo Kariakoo ilivyo: bei nzuri ni ya mwenye kununua kwa wingi, basi jifanyeni wingi.

Halafu msije mkaokoa kwenye oili mkaja kuua kwenye filta. Nendeni na ile ya zamani au namba yake, na mbadilishe kila mnapomwaga.

RISITI BANA!

Najua risiti Kariakoo ni kidonda. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia mambo ya kodi, Juni 2024 wakafunga tena. Mashine za EFD zenyewe zipo tangu 2010 na bado utaulizwa: "Na risiti au bila?" Bila risiti bei inashuka, kwa sababu VAT inaruka.

Mimi nachukua na risiti. Si uzalendo tu. Ile karatasi ina jina la muuzaji, namba yake ya mlipa kodi na tarehe, na unaweza kuihakiki kwa simu. Mshkaji wangu angekuwa nayo, tungekuwa na duka la kulirudia. Tungekuwa na kitu cha kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia, au TBS pale Ubungo wanaosimamia viwango. Bila karatasi unakwenda na hadithi, na hadithi hazipimwi maabara.

Mwambie muuzaji pia aandike oili yenyewe na namba zake, si "spea" tu.

UKIFIKA KWA FUNDI

Nenda na oili yako, simama pale pale mpaka kizibo kifungwe. Fungua galoni mwenyewe. Simaanishi mafundi ni wezi, wengi ni watu wa heshima wanaofanya kazi ngumu juani. Lakini galoni lililofunguliwa ukiwa umekwenda kununua vocha, hulijui tena.

Usihesabu kilomita peke yake. Saa mbili za foleni ya Mbagala au Kimara injini ikiunguruma hazionekani kwenye mita, ila oili inazihesabu. Vitabu vya magari hutofautisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na mara nyingi kwa magumu hukata muda kwa nusu. Dar es Salaam, ndugu yangu, ni matumizi magumu. Anayefanya teksi asisubiri mpaka mwisho wa kilomita alizoambiwa. Na kila Jumapili asubuhi chomoa stiki uangalie, haina gharama. Taa ya birika ikiwaka, zima gari hapo hapo. Abiria atapanda lingine.

Oili chafu mwachie fundi anayeikusanya. Wapo wanaoitafuta kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Usimwage mtaroni, mtaro huo unakwenda mto Msimbazi na kisha baharini kwa samaki wako wa Feri.

La mwisho, ambalo wengi hatulifanyi: galoni tupu usiliache gereji wala usimuuzie mnunua madumu likiwa zima. Lichane kwa kisu, lebo na yote. Galoni zima lenye jina la kampuni ni mtaji wa mtu, na wiki ijayo linaweza kuwa juu ya meza Gerezani, limejazwa, linamsubiri kijana mwingine aliyebakiza miezi minne.